Moshi wa Moto wa Porini, Mimba Changa na Moyo wa Mtoto

Moyo huanza kazi mapema kuliko kiungo kingine chochote cha mtoto aliye tumboni. Siku ya 22 hivi baada ya mimba kutunga, mrija mdogo huanza kudunda. Katika wiki zinazofuata mrija huo hujikunja na kugawanyika vyumba vinne, kuta hujengeka kati ya vyumba hivyo, na mshipa mmoja mkubwa unaotoka moyoni hugawanyika kuwa miwili, mmoja wa kwenda mapafuni na mwingine wa kwenda mwilini. Kwa hesabu ya kliniki, inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kazi hiyo karibu yote hufanyika kati ya wiki ya 5 na wiki ya 10.

Wanawake wengi wa Afrika Mashariki huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza wakati wiki hizo zimeshapita, na wengine hufika wiki ya 6 bila kujua kama wana mimba. Kwa sababu hiyo kinga dhidi ya moshi haiwezi kusubiri kadi ya kliniki. Mwanamke yeyote anayetafuta mtoto, au ambaye hedhi yake imechelewa msimu wa moto, afuate mwongozo huu kama mjamzito.

Moshi unavyomfikia mtoto

Moshi wa nyasi na miti una gesi nyingi, lakini hatari yake kubwa imo kwenye chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo kwa kifupi huitwa PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo mara 20 au zaidi. Pua na koo huzuia vumbi la kawaida. Chembe hizi hupita na kufika mwisho kabisa wa mapafu, na zile ndogo zaidi huingia kwenye damu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walionyesha kuwa masizi meusi yanayovutwa na mama hufika kwenye kondo la nyuma, upande ule unaomwelekea mtoto.

Yapo mambo matatu yanayoweza kuuathiri moyo unaojengeka. Kwanza, chembe hizo huchochea uvimbe katika mishipa ya mama na kupunguza damu inayopita kwenye kondo. Pili, moshi hubeba kemikali zinazotokana na kuungua nusunusu kwa kuni na majani. Katika mayai ya samaki yaliyopatwa na mafuta ghafi, kemikali za jamii hiyo zimeonekana kuharibu ukuaji wa moyo. Tatu ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu kuliko damu ya mama, na huchelewa kuiachia.

Mjamzito mwenyewe pia huvuta hewa nyingi kuliko kawaida. Hewa inayopita mapafuni mwake kwa dakika huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50, kwa hiyo katika moshi uleule hupata kipimo kikubwa kuliko mtu aliyekaa naye.

Hatari ina ukubwa gani

Hapa inafaa kutenganisha lililothibitika na linaloshukiwa. Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huwa na hitilafu ya moyo ya kuzaliwa nayo, kuanzia tundu dogo linaloziba lenyewe hadi hitilafu zinazohitaji upasuaji. Tafiti za hewa chafu na hitilafu hizo hazikubaliani. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa California na kuchapishwa mwaka 2002 ulihusisha kaboni monoksidi katika mwezi wa pili wa mimba na tundu kwenye ukuta wa moyo. Tafiti nyingine zimepata uhusiano hafifu au hazikuupata. Kuhusu moshi wa moto wa porini peke yake na moyo, ushahidi bado ni mchanga.

Hesabu hii ni ya mfano tu. Moshi ukiongeza hatari hiyo kwa sehemu moja ya kumi, watoto wenye hitilafu watatoka 100 hadi 110 katika kila 10,000. Mama mmoja mmoja hana sababu ya kuingiwa na hofu. Kwa mkoa mzima unaofukiwa na moshi miezi minne kila mwaka, hao 10 ni watoto halisi.

Lililo wazi zaidi ni kuzaliwa kabla ya wakati. Utafiti uliotumia kumbukumbu za uzazi za California za mwaka 2006 hadi 2012 ulikadiria kuwa karibu watoto 7,000 walizaliwa njiti kwa sababu ya moshi wa moto wa porini, na kwamba kila siku ya ziada ya moshi iliongeza uwezekano huo kwa karibu nusu ya asilimia. Kuzaliwa njiti nako huugusa moyo. Mtoto aliye tumboni ana mshipa wa mkato unaoipitisha damu bila kwenda mapafuni, nao hufunga siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto njiti mara nyingi hubaki wazi, na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada. Kwa hiyo kinga haikomi wiki ya 10. Sababu tu ndiyo hubadilika.

Msimu unajulikana

Karibu asilimia 70 ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, hasa kwenye nyika na misitu ya miombo. Magharibi na kusini mwa Tanzania, yaani Katavi, Rukwa, Tabora, Ruvuma na Lindi, moto kichaa huanza nyasi zinapokauka mwezi Juni na kuendelea hadi mvua za Novemba. Katanga nchini Kongo huungua kati ya Mei na Oktoba. Katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, miezi mikavu ya Januari hadi Machi ndiyo ya kutazamwa. Kilimanjaro iliwaka Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022. Moto mwingi huwashwa na watu: wanaosafisha mashamba, wanaotafuta malisho mapya, wawindaji, warina asali na wachoma mkaa.

Kwa kuwa msimu unajulikana, baadhi ya watu hushauri mimba ipangwe ikwepe miezi ya moto. Ushauri huo ni mgumu kutekeleza, na faida yake ni ndogo kuliko ya kuondoa moshi wa jikoni, unaovutwa mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa siku wa PM2.5 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha huvuka kiwango hicho mara nyingi, hata siku ambayo hakuna hata jani moja linaloungua porini. Moshi wa porini huja juu ya huo. Mtoto hupata jumla ya yote mawili, na wa jikoni ndio ulio mikononi mwa familia.

ORODHA YA MAANDALIZI KABLA YA MSIMU

☐ Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Kazi yake iliyothibitika ni kukinga uti wa mgongo na ubongo wa mtoto.
☐ Kinga ya rubela kwa asiyewahi kuchanjwa. Chanjo hutolewa kabla ya mimba, na mimba isishikwe ndani ya mwezi mmoja baada yake. Rubela katika miezi mitatu ya mwanzo huharibu moyo wa mtoto kwa uhakika kuliko moshi.
☐ Kipimo cha sukari. Kisukari kisichodhibitiwa wakati mimba inatunga ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya hitilafu za moyo.
☐ Dawa zote zinazotumika ziangaliwe na daktari, hasa za kifafa na za presha. Hakuna ya kuachwa ghafla bila ushauri wake.
☐ Pampu ya pumu iwepo ndani, haijapitwa na wakati.
☐ Barakoa 5 hadi 10 za N95, KN95 au FFP2. Hupatikana kwenye maduka ya dawa na baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi.
☐ Jiko lihamie nje au kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili. Palipo na uwezo, mtungi wa gesi au jiko la umeme. Pasipo, jiko banifu na kuni zilizokauka vizuri.
☐ Nyasi zifyekwe kuizunguka nyumba, na njia ya kuzuia moto ilimwe mapema kwa ushirikiano na majirani.
☐ Namba ya zima moto (Tanzania ni 114) na ya usafiri wa dharura wa wajawazito (Tanzania ni 115) ziandikwe kwenye kadi ya kliniki.

Kuupima moshi bila kifaa

Simu nyingi huonyesha kipimo cha ubora wa hewa kwa miji mikubwa. Kikizidi 100, mjamzito aanze kujikinga. Vijijini vituo vya kupimia ni haba, kwa hiyo macho hutumika. Familia ichague alama inayojulikana, kama mlima, mnara wa simu au minazi ya kijiji cha jirani, iliyo umbali wa kilomita 8 hivi. Siku kavu ambayo alama hiyo haionekani kwa sababu ya moshi, hewa haifai kwa mjamzito. Kipimo hiki hakifai alfajiri yenye ukungu wala siku ya manyunyu.

Pua si mwamuzi mzuri. Baada ya nusu saa huzoea harufu, ilhali chembe zinaendelea kuingia.

Siku ya moshi: hatua kwa hatua

1. Kazi za nje ziahirishwe. Kulima, kuchota maji mbali na kubeba kuni humfanya mjamzito aheme kwa nguvu na kuvuta moshi maradufu. Kazi hizo zichukuliwe na mume au jamaa wengine siku hizo. Zikishindikana, zifanyike saa ambazo moshi ni mwepesi. Mahali pengi moshi hutulia chini usiku na alfajiri, kisha hunyanyuka jua linapopanda, lakini upepo wa eneo husika ndio wa kuangaliwa.

2. Kichaguliwe chumba kimoja cha hewa safi: kisichoungana na jiko, chenye madirisha machache, upande usiopigwa na upepo wa moshi. Mianya ya mlango na madirisha izibwe kwa kanga au matambara yaliyoloweshwa. Nyumba ya ukuta wa udongo yenye uwazi kati ya ukuta na paa haitafungika vizuri. Katika nyumba hiyo turubai la dari husaidia kiasi, na kuhamia kwa muda shuleni, zahanati au kwa ndugu mwenye nyumba ya dari husaidia zaidi.

3. Moshi wa ndani ukomeshwe: sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani, na koroboi. Chakula kipikwe mara moja kwa siku nzima, na apike mtu asiye mjamzito.

4. Akilazimika kutoka, mjamzito avae N95. Kamba zote mbili ziwe kichwani, moja juu ya masikio na nyingine chini yake. Bati la puani libanwe. Hewa isitoroke pembeni anapopumua kwa nguvu. Barakoa ya kitambaa, ya kihospitali ya bluu au ncha ya kanga iliyoloweshwa huzuia majivu makubwa tu. Akisikia kizunguzungu, asogee mahali penye nafuu, aivue na apumzike.

5. Ndani ya gari vioo vifungwe na kiyoyozi kiwekwe kuzungusha hewa ya ndani. Bodaboda haina kinga yoyote isipokuwa barakoa.

6. Maji ya kunywa yawe karibu na joto la chumba liangaliwe. Joto kali la mwili katika wiki za mwanzo nalo ni hatari kwa mtoto. Chumba kilichofungwa kikigeuka tanuri, kifunguliwe upande usio na moshi.

7. Moshi ukipungua, milango na madirisha yafunguliwe yote kwa saa moja au mbili, kisha sakafu ipigwe deki.

Kwa familia za Waswahili walioko California au magharibi mwa Kanada kazi ni nyepesi kidogo: kiyoyozi huwekwa kuzungusha hewa ya ndani, na kichujio cha HEPA kinachotosha ukubwa wa chumba cha kulala huwashwa usiku kucha. Chujio bora la tanuru lililofungwa kwa gundi nyuma ya feni ya mraba hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

ONYO KUBWA: MKAA NDANI YA CHUMBA KILICHOFUNGWA
Chumba kilichozibwa ili kuzuia moshi kisiingizwe jiko la mkaa, hata dakika kumi, hata mkaa ukiwa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa usio na moshi ndio unaodanganya: bado unatoa kaboni monoksidi. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito kwa watu kadhaa waliomo ndani ni dalili. Watolewe nje mara moja, na mjamzito apelekwe hospitali yenye oksijeni hata akijisikia nafuu, kwa sababu mtoto hubaki na gesi hiyo muda mrefu kuliko mama.

Moto ukikaribia nyumba

Mjamzito haendi kuupiga moto kwa matawi, hata kama kijiji kizima kimeitwa. Huondoka wa kwanza, pamoja na watoto na wazee. Achukue kadi ya kliniki, dawa zake, maji, barakoa na nguo ya pamba; nailoni huyeyukia mwilini. Njia ya kutokea iwe ya kushuka au ya ubavuni mwa moto, kwa maana moto hupanda mlima haraka kuliko mtu akimbiavyo. Pakikosekana njia, eneo lililokwisha kuungua na kupoa, mto au shamba lililolimwa ni salama kuliko kichaka kibichi.

Majivu

Majivu ya nyasi ni tofauti na majivu ya nyumba. Palipoungua bati lenye rangi, betri, plastiki au vigae vya zamani vya asbesto, majivu huwa na risasi na sumu nyingine. Mjamzito asiyafagie wala kuyachambua kutafuta mali. Wengine wayanyunyizie maji kwanza, kisha wayazoe wakiwa na barakoa. Kufagia makavu huyarudisha hewani. Maji ya mvua ya kwanza kutoka kwenye paa yamwagwe, mboga zioshwe kwa maji yanayotiririka, na udongo wa kula unaopendwa na wajawazito usichukuliwe mahali palipoungua.

MAKOSA YANAYOONEKANA SANA
• Kunywa maziwa ili "kusafisha kifua". Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, hayapiti kwenye mapafu.
• Kujifukiza chini ya blanketi baada ya kuvuta moshi. Mvuke hautoi chembe zilizokwisha kuingia, na joto lake halifai kwa mimba changa.
• Kuacha pampu ya pumu kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Mama anayekosa hewa humnyima mtoto oksijeni.
• Kudhani kwamba moshi usiowasha macho hauna madhara.
• Kumlaumu mama mtoto anapozaliwa na hitilafu. Hitilafu nyingi za moyo hazina kisababishi kimoja kinachojulikana, na watoto wengi sana wanaozaliwa katika msimu wa moto wana mioyo mizima.

Kliniki: la kusema na la kuomba

Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Mhudumu aelezwe mambo matatu, naye ayaandike kwenye kadi: tarehe ya hedhi ya mwisho, wiki ambazo moshi ulikuwa mzito, na aina ya jiko la nyumbani. Shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kwa ajili ya moyo, wiki ya 18 hadi 22 ndiyo bora: vyumba vyote vinne huonekana, pamoja na mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni. Mjamzito aombe waziwazi kwamba vyumba na mishipa hiyo vitazamwe, maana ultrasaundi nyingi za vituo vidogo huangalia tu uhai wa mtoto, umri wa mimba na mlalo wake. Kuvuta moshi peke yake si sababu ya kutafuta eko, yaani ultrasaundi maalumu ya moyo wa mtoto. Sababu ni kisukari, mzazi au mtoto aliyetangulia mwenye hitilafu ya moyo, dawa kama za kifafa, au daktari kuona kitu kisichoeleweka. Hitilafu kubwa ikionekana mapema, uzazi hupangwa karibu na hospitali yenye bingwa.

Haya hayasubiri tarehe ya kliniki: kuhema kwa shida au maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, kutokwa damu, chupa kupasuka au uchungu kuanza kabla ya wiki ya 37, na mtoto kupunguza kucheza.

Baada ya kujifungua

Kituo chenye kifaa cha kupima oksijeni kwa mwanga kinaweza kumchunguza mtoto bila sindano, saa 24 au zaidi baada ya kuzaliwa na kabla ya ruhusa. Hupimwa mkono wa kulia na mguu mmoja. Kipimo cha asilimia 95 au zaidi, chenye tofauti isiyozidi 3 kati ya mkono na mguu, ni kizuri; chini ya 90 mtoto apelekwe kwa daktari mara moja; kati ya hapo kipimo hurudiwa baada ya saa moja. Mzazi ana haki ya kukiomba.

Hitilafu nyingine hujitokeza nyumbani, wiki au miezi baadaye. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo:

☐ Ulimi na midomo kuwa na rangi ya bluu au kijivu. Kwa mtoto mweusi, ulimi na fizi ndivyo vya kutazama, si ngozi.
☐ Kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia.
☐ Kunyonya kidogo kidogo, kuchoka na kutoka jasho kichwani anaponyonya.
☐ Uzito kutopanda kwenye kadi ingawa ananyonya mara kwa mara.
☐ Kuzirai au kulegea baada ya kulia.

Zahanati humpa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala. Kadi yenye wiki za moshi iende pamoja na mtoto.

Chumba cha mzazi kisiwekewe jiko la mkaa ili kumpa mtoto joto, msimu wa moto au wakati mwingine wowote. Mtoto, na hasa njiti, hupata joto la kutosha akiwekwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, kichwa kikiwa na kofia na kanga ikiwa juu yao wote wawili.